Yeye Chuma, Mimi Plastiki

Kama umeambiwa utawekewa poti, na sasa umekaa kwenye benchi unajiuliza ni kitu gani hicho kinachokwenda kuishi chini ya ngozi yako, haya nayaandika kwa ajili yako. Mimi si mtaalamu. Ni mkulima wa alizeti wa Misigiri, nina watoto watatu na titi moja. Dawa nimezimaliza na nywele zimerudi. Nitakueleza yaliyonipata, pamoja na jambo moja nililolifanya ambalo mpaka leo nikilikumbuka natafuta pa kuweka uso.

Uvimbe niliugusa wakati wa palizi, nikijifuta jasho. Titi la kushoto likaondolewa kabla alizeti haijachanua. Baada ya hapo nikaanza kwenda Dodoma kwa ajili ya dripu za dawa, kila baada ya wiki tatu. Dozi mbili za kwanza zilipita mkononi. Baada ya ya pili mshipa wa mkono wa kulia uligeuka mweusi, ukawa mgumu kama kamba chini ya ngozi, na nikikunja kiwiko ulinivuta mpaka kwapani. Mkono wa kushoto haukuruhusiwa kuchomwa kwa sababu ya upasuaji. Dozi ya tatu, Sista Agripina, muuguzi wa wodi yetu, alinitafutia mshipa mpaka akaweka sindano chini akashika kiuno.

"Mama Neema, mishipa yako imegoma," alisema. "Dada yangu, hapa ni poti tu."

Poti ni kidude cha mviringo, kama vizibo viwili vya soda vilivyobebana, kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua, chini kidogo ya mfupa wa bega. Juu kina kiwambo cha mpira ambacho sindano inapenya. Chini kinatoka kimrija kirefu kinachoingia kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Dawa inapita humo, mkono unapumzika. Hiyo ndiyo elimu yote utakayoipata kwangu.

Siku ya kuwekewa tulikuwa wawili. Mwenzangu aliitwa Mwajuma, mke wa mstaafu wa reli wa Manyoni, anaumwa utumbo mpana. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka michache tu, mrefu, mweusi wa kung'aa, na kilemba chake kilikuwa kimefungwa kama cha mtu anayekwenda harusini. Mumewe, Mzee Salum, alikuwa amekaa pembeni yake ameshika mkoba wake mapajani. Mume wangu mimi alikuwa Misigiri. Alinisindikiza safari ya kwanza, ya pili akasema ng'ombe hawana mtu.

Nilianza hapo. Kabla ya poti, kabla ya chochote, nilimwonea wivu kwa ule mkoba.

Daktari alituita pamoja akatuonyesha vipakiti viwili. "Hivi ndivyo tulivyo navyo leo. Hii mwili wake ni titani, ni madini, na kimrija chake ni kigumu kidogo. Hii nyingine mwili wake ni plastiki, kimrija chake ni silikoni, mpira laini. Zote zinafanya kazi. Mama Neema, wewe nitakuwekea hii ya plastiki. Mama Mwajuma, wewe ya titani."

Aliendelea kueleza kwa nini. Sikusikia. Neno plastiki lilikuwa limeshaziba masikio yangu. Nyumbani kwangu plastiki ni ndoo. Ni kandambili inayokatika mkanda siku ya mvua. Nilimtazama Mwajuma, nikatazama mkoba, nikasema moyoni: hawa wana mtu wao humu ndani.

Tuliwekewa siku hiyohiyo, kwa ganzi, tukiwa macho. Mchana Sista Agripina alitukalisha pamoja akatupa maonyo: jeraha lisiguswe na maji, na tukiona homa, au shingo kuuma, au mkono kuvimba upande wa poti, tusingoje tarehe ya kliniki, tuseme siku hiyohiyo. Nayaandika maonyo hayo hapa ili ujue kwamba niliyasikia. Hayo niliyasikia vizuri sana.

Kilichofuata ni msimu mzima wa kukaa viti vya jirani. Basi lilinichukua Misigiri asubuhi, likapita Singida Mjini, na Manyoni ndipo Mwajuma na mumewe walipopanda. "Shikamoo mzee," nilimwamkia Mzee Salum, naye akaitikia marahaba kwa upole mpaka nikakosa la kumchukia. Dodoma walifikia kwa binti yao. Mimi nilifikia kwa binamu ya mume wangu, kwenye godoro la sebuleni.

Wodini dripu zetu zilitundikwa kwa wakati mmoja. Ya Mwajuma ilidondoka harakaharaka. Yangu ilidondoka kama bomba la kijiji mwezi wa kumi. Wakivuta damu ya vipimo, kwake ilikuja mara moja, nyekundu, sindano ikajaa. Kwangu haikuja.

"Inua mkono, mama," Sista alisema. "Geuza uso kushoto. Kohoa. Tena. Pumua ndani, shikilia."

Nilikohoa kama mbuzi mgonjwa, wodi nzima inanitazama, mkono juu kama mwanafunzi asiyechaguliwa. Mwajuma alikuwa anakunywa chai.

"Mbona yake inakwenda?" nilimuuliza Sista siku moja, kwa sauti ambayo nilitaka Mwajuma mwenyewe aisikie.

"Mpira wako ni laini, ukuta wake ni mnene, kwa hiyo tundu la ndani ni dogo," alijibu. "Tena unajikunja ukilala vibaya. Wa mwenzako ni mgumu kidogo, ukuta mwembamba, tundu kubwa. Ndiyo maana."

"Basi wa kwake ni bora."

"Sijasema bora. Nimesema ni mpana."

Mimi nilisikia bora. Dripu yake ilipoisha alifunguliwa, Mzee Salum akachukua mkoba, wakawahi basi la mchana. Alipita kwangu akanigusa bega. "Pole, Mama Neema. Tutaonana, Mungu akipenda." Mimi nilibaki mpaka wafagiaji wanainua viti, mabasi yameondoka, nikarudi kwenye godoro la sebuleni kungoja kesho yake. Nilihesabu matone yake kuliko nilivyohesabu yangu. Kama kuna mtu aliyewahi kujua mwendo wa dripu ya mwenzake, ni mimi.

Mwili nao ulinisaliti kwa upande wake. Kucha zilikuwa nyeusi. Ulimi ulikuwa na ladha ya msumari. Nilikonda mpaka poti ikatokeza chini ya ngozi, unaona kabisa kingo zake, na kamba ya begi ikipita hapo nilisikia maumivu mpaka kwenye meno. Mwajuma alikuwa na nyama ya kutosha, yake hata huioni. Nyusi zake zilibaki. Zangu ziliondoka zote kwa wiki moja, nikawa nafanana na yai.

Nyumbani nako sikupumzika. Siku moja Baba Neema alinisindikiza mpaka Manyoni kwa shughuli zake za ng'ombe, akakutana na Mwajuma na mumewe kituoni. Wakasalimiana, wakaongea kidogo. Jioni ya kurudi kwangu kutoka Dodoma, akiwa anakula, akasema, "Mwenzako yule anaendelea vizuri sana. Mchangamfu. Yaani huwezi kujua ni mgonjwa."

"Amewekewa ya chuma," nikasema.

"Chuma au si chuma, ni moyo tu. Anacheka. Wewe hata kucheka umeacha."

Niliondoa bakuli la mboga mbele yake kabla hajamaliza. Hatukusemeshana siku tatu. Neema, binti yetu mkubwa, ndiye aliyekuwa anabeba maneno: mama anasema hivi, baba anauliza vile. Nilikuwa nalala nimegeukia ukutani, nikiwaza kwamba mume wangu amemwona mwanamke mwenye saratani akampenda zaidi kuliko mwenye saratani aliyenaye.

Dozi ya sita iliangukia wakati alizeti imeshavunwa, vichwa vimeanikwa uani, upepo umeanza. Tulikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha daktari, Mzee Salum amekwenda kununua maji. Mwajuma akasogea.

"Mama Neema, hebu nitazame mkono. Tangu juzi pete haitoki. Na shingo inanivuta upande huu, kama nimelalia vibaya. Wewe inakutokea?"

Aliunyoosha mkono wa kulia, upande wa poti. Niliuona. Vidole vilikuwa vimejaa, ngozi ya juu ya kiganja inang'aa. Maonyo ya Sista yalinijia neno kwa neno.

"Ni kawaida," nikasema. "Hata mimi hunitokea. Ni dawa."

"Eti? Nilikuwa nataka kumwambia daktari."

"Utamchosha tu. Itaondoka."

Akashusha pumzi. "Afadhali umeniambia. Nilishaanza kuogopa."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Ningependa kukuandikia kwamba sikuwa na hakika, au kwamba nilitaka kumtuliza. Siyo. Nilitaka ile ya chuma imtese kidogo. Nilitaka siku moja tu na yeye awe na kitu kisichofanya kazi. Na nilijua kwamba akisema mkono umevimba ataingizwa kwa daktari mbele yangu, kama alivyokuwa mbele yangu katika kila kitu. Hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni mwangu, na yalikuwa mengi kuliko dawa iliyokuwa kwenye damu.

Alichukua dozi yake, amevaa mikono mirefu kama kawaida yake, dripu ikakimbia kama kawaida yake, akaondoka na basi la mchana.

Siku ya nne nilikuwa uani napiga vichwa vya alizeti kwa fimbo, polepole, nikipumzika kila baada ya mapigo kumi, simu ikaita. Namba ya Mwajuma, lakini sauti ya Mzee Salum.

"Mama Neema, mwenzio yuko wodini Dodoma. Mkono umevimba kama mguu. Na uso. Wamesema damu imeganda kwenye mshipa, pale kwenye mpira wa poti. Jana alikuwa hapumui vizuri. Tumwombee. Nimekupigia kwa sababu wewe ndiye rafiki yake wa safari."

Nilikaa chini kwenye maganda. Neema alikuja akaniuliza kuna nini. Baba Neema naye alikuja, akadhani nimezidiwa, akanibeba kuniingiza ndani. Hapo ndipo nikasema, nikiwa mikononi mwake, yote. Sikumwangalia.

Hakunigombeza. Alinilaza, akasimama mlangoni ananipa mgongo. "Tarehe yako ni lini?" akauliza.

"Wiki mbili na siku tatu."

"Tunakwenda kesho."

"Na ng'ombe?"

"Nimesema tunakwenda kesho."

Tulimkuta Mwajuma kitandani, ameinuliwa mgongo kwa mito, uso umejaa, mkono juu ya mto mwingine. Tumboni alikuwa na madoa ya bluu ya sindano za kuyeyusha damu. Alinyoosha mkono mzima kunipokea. "Umekuja mpaka huku! Salum, mpe mgeni kiti."

Sikukaa. Nikamwambia, "Dada Mwajuma, nilikudanganya. Mimi haijawahi kunitokea. Nilikumbuka maneno ya Sista, nikakwambia ni kawaida kwa makusudi."

Alinitazama kama mtu anayesubiri niendelee ili maneno yabadilike.

"Kwa nini?"

"Wivu. Ile poti yako."

"Poti?" akasema. Akaangalia kifua chake, akaniangalia. "Poti, Mama Neema?"

Mzee Salum, yule mpole, alisimama. "Mama, naomba utoke nje." Mwajuma alikuwa ameshageuzia uso dirishani.

Nje kwenye korido nilikutana na Sista Agripina. Nikamwambia na yeye, maana nilikuwa nimeanza na sikuweza kuacha. Alinisikiliza, akanivuta kando.

"Siku ile daktari alikueleza kwa nini amekupa ya plastiki. Ulisikia?"

"Hapana."

"Mgongo wako ulikuwa unauma, alitaka ukapigwe picha kwenye mashine ya MRI, lile bomba kubwa unaloingizwa umelala. Madini hutia kivuli kwenye picha za kifua, plastiki haitii. Na wewe ni mwembamba, ile ni nyepesi zaidi chini ya ngozi. Wangekupa nzito ingekuchana. Yeye dawa zake ni nyingi, zinafuatana moja baada ya nyingine, alihitaji mpira mpana. Kila mmoja alipewa kilichomfaa."

"Kwa hiyo huo mpira mgumu ndio umemgandisha damu?"

"Pengine umechangia, unasugua mshipa zaidi. Pengine ni ugonjwa wenyewe, saratani hugandisha damu. Hata wako ungeweza. Na wako una shida zake pia, nikisukuma dawa kwa sindano ndogo kwa nguvu unaweza kupasuka ndani, ndiyo maana nakwenda nao taratibu. Mama, hakuna kifaa kisicho na yake." Aliniachia mkono. "Lakini mkono uliovimba ungeonekana siku ile, tungeanza sindano siku ileile."

Hilo la mwisho alilisema bila hasira, na ndilo lililonichoma zaidi.

Damu ile haikumwua Mwajuma. Poti ya titani ilikuwa imeziba, ikatolewa. Dozi ya saba kiti chake kilikuwa kitupu, na dripu yangu ikachukua siku nzima kama kawaida, ila sikuwa na matone ya mtu mwingine ya kuhesabu. Baba Neema alikuwa pembeni yangu. Alishika begi langu mapajani, hakuambiwa na mtu.

Dozi ya nane Mwajuma alirudi. Hakupanda basi letu. Nilimkuta wodini, amewekewa nyingine upande wa kushoto, na niliposikia ni ya aina gani, nitakuambia ukweli kwa sababu nimeahidi ukweli: nilifurahi kidogo. Ya plastiki, mpira laini. Sawa kabisa na yangu. Furaha ile ilidumu muda wa kufungua mfuko wa dripu, halafu nikaona aibu upya.

Hakunisalimia. Tulikaa viti vya jirani kwa sababu ndivyo vilivyokuwepo. Dripu yake ikadondoka, ikasita, ikadondoka. Saa sita ikapita, basi la mchana likaondoka. Mashine inayohesabu matone ya dripu yake ikalia kuonyesha yamekwama. Sista alikuwa chumba kingine. Ikalia tena. Mwajuma alijiweka sawa, akavuta kilemba, hakuna kitu.

"Inua mkono huo wa kushoto," nikasema, nikitazama mbele. "Geuza uso upande wa pili. Kohoa."

Alibaki ameshika kilemba mpaka nikajua hatafanya. Kisha akainua mkono. Akakohoa.

"Zaidi," nikasema. "Kama mbuzi."

Akakohoa kama mbuzi. Tone likashuka, na jingine. Alikaa na mkono juu vilevile, uso kwenye ukuta, akasema, "Na ulikuwa unafanya hivi kila dozi?"

"Kila dozi."

"Mbele ya watu wote?"

"Mbele yako."

Mabega yake yalianza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, au vyote viwili. Kisha akasema bila kugeuka, "Sijakusamehe, Mama Neema. Usidhani."

"Sijaomba."

"Omba basi."

Nikaomba. Hakujibu siku hiyo. Alijibu baada ya dozi mbili, kituoni Manyoni, aliposhuka akasimama chini ya dirisha langu na kusema, "Ukifika nyumbani nipigie."

Sasa kwako uliye kwenye benchi. Ukiwekewa poti, muulize daktari kwa nini amekuchagulia hiyo, na usikilize mpaka mwisho wa sentensi. Usipime yako kwa ya jirani. Ikiwa inakwenda taratibu, mwambie muuguzi, kisha leta kitu cha kufanya kwa mikono, mimi nilijifunza kufuma. Mkono ukivimba, shingo ikivuta, homa ikipanda, mwambie anayevaa koti jeupe, usimuulize mgonjwa mwenzako. Unaweza kukutana na mtu kama mimi.

Wivu wenyewe haukuondoka na dawa. Mwajuma alikuja Misigiri mwaka huu baada ya mavuno, yeye na Mzee Salum. Nywele zake zimerudi nyingi, nyeusi, laini kabisa kama za mtoto mchanga. Zangu zimerudi na mvi, na nyuma ya sikio pana kiraka. Baba Neema alimpokea akasema, "Karibu shemeji, umependeza!" na nikasikia kile kitu kinanyanyua kichwa chake kama zamani.

Nilikwenda jikoni. Nilikuwa nimemwomba jirani yetu Mwislamu aje kunichinjia jogoo, ili wageni wale kwa amani. Nilipika kwa mafuta ya alizeti yetu, nikasonga ugali wa mtama, nikapakua. Nyumbani kwetu firigisi ni ya baba. Tangu niolewe haijawahi kwenda kwenye sahani nyingine. Siku hiyo niliichukua kwa kijiko, nikatoka nayo mbele ya wote, nikaiweka kwenye sahani ya Mwajuma.

Baba Neema alitazama sahani yake, akatazama ya mgeni. Mzee Salum alikohoa. Mwajuma aliijua ni nini na ni ya nani. Hakusema asante wala hakuigawa. Aliichukua kwa vidole vyake, akaitafuna yote polepole akiniangalia machoni, mpaka akaimaliza, na mimi nilisimama pale na kijiko changu nikimtazama anavyokula.